Mrejesho: lori lililokosa nguvu na kumaliza dizeli
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini lori langu la zamani lenye trela linashindwa kupanda milima ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, linatoa moshi mweusi na kumaliza dizeli. Filta mpya za dizeli na hewa hazikusaidia. Fundi mmoja wa Mbarara alizima injini, akajaza hewa ya kompresa kwenye mabomba ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na kupaka maji ya sabuni; mapovu yakatoka chini ya klampu ya bomba la mpira la intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), palipokuwa na ufa wa urefu wa kidole uliolowa oili. Hewa ilivuja, hivyo dizeli haikuungua yote. Baada ya kubadilisha mpira na klampu, juzi kutoka Malaba hadi Kampala nimepata kilomita 2.3 kwa lita badala ya 1.8, kwa mzigo uleule wa saruji. Nawashukuru kwa dhati mlionizuia kununua pampu mpya ya dizeli.