Naomba ushauri kuhusu achari ya biringanya yenye pilipili

Ndugu wanachama, salamu. Jumapili alasiri, nikiwa peke yangu nyumbani na simu nimeizima, mimi hujitengenezea achari ya mabiringanya niliyonunua Marikiti, na faragha hiyo naithamini karibu sawa na achari yenyewe. Huyakata vipande, huyatia chumvi yachuje maji, kisha huyakaanga pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, mbegu za haradali na pilipili kali, nikimalizia kwa siki. Nimejaribu kuyaoka kwanza ili yasinywe mafuta mengi, lakini yakawa makavu mno. Kwa kuwa biringanya lina asidi kidogo tu, je, kilo moja yahitaji siki kiasi gani ili achari ikae salama kwenye jokofu? Na mafuta yanayoelea juu, niyaache au niyaondoe?