Naomba ushauri: majina ya wahusika wa nchi ya kubuni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Niko hapa Tanga, ninaandika hadithi ya nchi isiyokuwapo popote, ambayo watu wake huzaliwa, huoana na kuzikwa baharini. Majina yamenikwamisha. Ndugu wawili pacha niliwaita Zareki na Zarefi, nikidhani ugeni wa majina hayo utatosha kumvusha msomaji, lakini juzi usiku, nilipomsomea bibi yangu sura ya tatu, alinikatiza: "Aliyezama ni Zareki au Zarefi?" Majina yetu ya kila siku nayo yananitia shaka, kwa sababu Juma amebeba Ijumaa yake, na nchi yangu haina Ijumaa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Pangani:
Mwanangu, sikio la bibi limekuonyesha kasoro. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na majina yako yote mawili yana silabi tatu na mwanzo mmoja, hivyo yanatua kwa mshindo uleule. Yatofautishe kwa urefu na kwa herufi ya kwanza. Wala usiyakimbie maneno ya kawaida: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, katika Kusadikika alimwita mshtakiwa Karama na waziri anayemshtaki Majivuno.

Mzawa wa Lushoto:
Sisi Wasambaa tuna majina mengi ya ukoo yanayoanza na She-, kama Shekilindi na Shemdoe. Buni kiambishi chako cha ukoo, ila usikitie kwenye jina analoitwa mtu kila ukurasa.

Fundi Jahazi:
Kwa heshima, naomba kutofautiana na mwalimu. Majivuno hujulikana tangu anapotajwa, na hilo linafaa hadithi ya mafumbo. Wewe ukiwa na msaliti unayetaka kumficha, jina la namna hiyo litamfichua mapema. Watu wa baharini wangewaita watoto wao kwa vitu wanavyovishika. Nahodha mzee awe Foromali, boriti inayobeba tanga. Pacha wako, yupi anatangulia na yupi anafuata? Chombo kina omo mbele na tezi nyuma.

Mwenye uzi:
Ahsanteni sana. Zareki na Zarefi nimewafuta. Pacha sasa ni Omo na Tezi, na mama yao, ambaye hakuwa na jina, nimemwita Ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, kwa kuwa wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilipomtajia bibi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi aliyezama ni Omo?" Ndiye.