ALAT: kiti cha pili cha kila halmashauri kikaliwe na mkurugenzi, au na diwani atakayechaguliwa na baraza?

Mtendaji Mstaafu
Wakuu, salaam. Kila halmashauri ya Tanzania Bara ni mwanachama wa ALAT, jumuiya yetu ya tawala za mitaa, na ada inatoka kwenye halmashauri zenyewe. Wanaotuwakilisha ni wawili: mwenyekiti (mjini ni meya) na mkurugenzi. Mimi nasema huyu wa pili asiwe mjumbe. Kwenye baraza la madiwani mkurugenzi ni katibu, hana kura. Ameteuliwa na Rais, na taarifa zake zinakwenda TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mitaa. Sasa jumuiya iliyoundwa kuzisemea halmashauri mbele ya serikali kuu, inakuwaje mmoja kati ya kila wawili wanaoingia pale ni mteule wa serikali kuu? Mwaka 2017 ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, halmashauri za vijijini ziliumia. Mkurugenzi gani angesimama hadharani aseme hapana? Kiti hicho apewe diwani, achaguliwe na wenzake kwa kura ya siri. Karibuni.

Msomi Huru
Mkuu, hoja nzuri, ila umewasahau madiwani wenyewe. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Unampeleka mtu wa darasa la saba akajadili ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha matumizi, na watu wa Hazina? Atachukua posho na begi la mkutano, atarudi. Mkurugenzi angalau anajua hesabu.

Mhasibu wa Wilaya
Naungana na Msomi kwa sehemu. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija ni yeye anayejibu hoja, si mwenyekiti. Mkimtoa, nani atawaeleza wajumbe fedha zimekwama wapi? Halafu hizi tawala za mitaa zilishafutwa mara moja, nadhani 1974, kwa sababu zilishindwa kujiendesha. Tusirudi huko.

Mama Kata
Msomi Huru, mimi ni darasa la saba. Nimekuwa diwani wa viti maalumu na nimekaa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ile inayokutana kila mwezi. Ngoja nikueleze kazi inavyofanyika. Makabrasha yanaletwa jioni, kikao ni kesho yake asubuhi. Unakaa na taa na rula, unashuka mstari kwa mstari. Siku moja nikakuta ukarabati wa josho la ng'ombe umeandikwa ukurasa mmoja kwa jina la kijiji, na kurasa za mbele upo tena kwa jina la kitongoji. Josho ni lile lile, nimeogeshea mbuzi wangu pale. Karatasi zile zilishasainiwa na watu wenye shahada zao. Aliyenyoosha mkono ni mimi. Sikwenda pale kwa ajili ya begi.

Kijana wa Mlandizi
Mama, heshima yako. 🙏🏾

Msomi Huru
Pole mama, sikukulenga wewe. Lakini wako wangapi kama wewe? Tuseme ukweli.

Kijana wa Mlandizi
"Sikukulenga" maana yake nini? Umewataja darasa la saba, naye amekwambia ni darasa la saba. Baba yangu aliishia la nne na amekuwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Migogoro ya mashamba aliyoimaliza ingejaza makabati ya mahakama. Na hao waliosaini josho mara mbili mbona huwaulizi vyeti vyao?

Mtendaji Mstaafu
Ndugu zangu, turudi kwenye mada. Mhasibu, ni 1972, si 1974. Mwaka huo serikali za mitaa ziliondolewa kwa jina la madaraka mikoani, na wakubwa wa mikoa na wilaya wakashika kila kitu. Miji ikaharibika kwa mitaro na maji taka, halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Sheria za kuzirudisha zote zikatungwa 1982, zikaanza kazi 1984, na ALAT ikazaliwa mwaka huo huo. Kwa hiyo hazikufutwa kwa kushindwa tu. Zilipoguswa hapakuwa na chombo cha pamoja cha kuzitetea. Ndiyo maana nauliza nani anakaa kwenye chombo hicho.

Mhasibu wa Wilaya
1972, nimekubali. Ila mzee, kufuja kulikuwepo. Usizisafishe kabisa.

Jirani wa Kisumu
Hamjambo majirani. Huku kwetu tangu ugatuzi uanze 2013, Baraza la Magavana ni la magavana peke yao, wote wamechaguliwa na wananchi. Pesa za kaunti zikichelewa kutoka Hazina wanasema peupe kwamba watafunga shughuli, na wamesema hivyo zaidi ya mara moja. Wawakilishi wa wadi wana jukwaa lao kando. Ofisa wa kuteuliwa hana nafasi ya kumkanyaga gavana mguu chini ya meza. Na kuhusu masomo: sheria yetu ilitaka kila mwakilishi wa wadi awe na digrii. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikasema sharti hilo linakiuka Katiba. Msomi, hiyo hoja yako tuliishaizika.

Msomi Huru
Mmeizika, halafu tunawaona kwenye televisheni wakirushiana viti ukumbini. Hongereni.

Jirani wa Kisumu
Waliorusha viti wengine walikuwa na digrii, kaka. Soma tena nilichoandika kuhusu Hazina, hapo hujagusa. Umeenda kwa viti kwa sababu hilo la pesa huna jibu.

Mhasibu wa Wilaya
Kenya katiba yao inazigawia kaunti fungu. Sisi ibara ya 145 na 146 zinataja serikali za mitaa na kazi zake, lakini fungu la asilimia fulani halimo. Hata akienda nani, anakwenda kuomba. Kodi ya majengo ilitolewa kwa halmashauri ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, elfu moja moja kwa mwezi ilipoanza. Wajumbe walikuwepo tu.

Kijana wa Mlandizi
Kwa hiyo umekubali kwamba walikuwepo na hawakusema! Hiyo ndiyo hoja ya Mzee.

Mhasibu wa Wilaya
Sijasema hawakusema. Nasema hata wangesema. Usinitie maneno mdomoni, kijana.

Mama Kata
Mimi niseme la mrejesho, maana nyote mmelipita. Kwetu mwenyekiti na mkurugenzi walikuwa wanaondoka na gari la halmashauri, dereva, mafuta, na posho ya kujikimu, mkutano siku kadhaa. Wakirudi, kwenye baraza la robo mwaka tunasikia "mkutano ulikwenda vizuri". Basi. Nikauliza: tulipeleka hoja gani? Nani aliisimamia? Ilijibiwaje? Nikaambiwa hilo halimo kwenye agenda. Baraza lililolipa safari halijui limesemewa nini. Mjumbe awe mkurugenzi, awe diwani, asipoleta taarifa ya maandishi mezani, safari ya pili isiidhinishwe.

Mtendaji Mstaafu
Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, na linaweza kuanza kesho bila kugusa katiba ya jumuiya. Baraza lenyewe lipitishe azimio.

Msomi Huru
Na mimi nakubali taarifa ya maandishi. Sasa niambieni kwa upole, mtu ambaye hajawahi kuandika ripoti ataiandikaje? Ndiyo maana nasema wapimwe kwanza. Hata mtihani mdogo tu.

Kijana wa Mlandizi
Huyu mtu hachoki.

Mama Kata
Mtihani atautunga nani? Mkurugenzi, ambaye sisi ndio tunaomkagua? Mwanangu, nimekusikia toka mwanzo. Fomu za udiwani zinatolewa bila kuulizwa cheti, hata mwenye shahada anaruhusiwa. Kachukue. Simama kwenye kata, zunguka nyumba kwa nyumba, wakuchague, halafu uje tukae kamati moja na makabrasha yale ya jioni. Josho likiwa limeandikwa mara mbili, tutaona nani ameliona kwanza.

Msomi Huru
Mama, kata yangu ina diwani wa chama kile kile tangu nikiwa shule ya msingi. Nitapita wapi?

Mama Kata
Hilo sasa ni swali la maana. Lifungulie mada yake, nitakuja kuchangia.