Tunahamia Arusha Januari: shule ya msingi ya serikali ipi, Muriet, Moshono au Usa River?

MamaWawili

Habari zenu wapendwa. Mume wangu amehamishiwa Arusha kikazi, mimi na watoto tunamfuata Januari 2026 tukitokea Dodoma. Mkubwa yuko darasa la nne, upimaji wa kitaifa anafanyia huku huku. Mdogo yuko darasa la kwanza. Tunatafuta shule ya serikali iliyo karibu na tutakapopanga. Ofisi ya baba yao iko mjini kati, upande wa Mnara wa Saa.

Nyumba tulizoonyeshwa ziko sehemu tatu: Muriet, Moshono na Usa River. Zote tunazimudu, kwa hiyo nataka kinachoamua kiwe shule, siyo kodi. Nimefungua matokeo ya darasa la saba kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA) nikaandika wastani wa shule za maeneo hayo, lakini kila nikisoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Shule mbili za jirani, moja wastani uko juu sana, nyingine chini, na mtu aliyewahi kuishi huko ananiambia hiyo ya chini ndiyo yenye walimu wanaojituma. Wenyeji naombeni msaada. Na mkisema shule ni nzuri, tafadhali semeni uzuri wake ni upi.

Mwalimu Mstaafu

Karibu Arusha mwanangu. Nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, kwa hiyo niruhusu nianze na huo wastani.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wastani unaouona ni wa jumla hiyo. Kabla hujalinganisha, tazama watahiniwa walikuwa wangapi. Shule yenye watahiniwa 30 ikipata watoto watano hodari, wastani unapaa. Mwaka unaofuata hao hawapo, unaporomoka. Shule yenye watahiniwa 250 haiyumbi kirahisi hivyo, na ikishikilia wastani mzuri miaka mitatu mfululizo ujue kuna watu wanafanya kazi. Kisha shuka kwenye somo moja moja. Mimi huwa naanza na Hisabati, maana hapo ndipo unapoona kama watoto wanafundishwa au wanakaririshwa.

Fungua pia matokeo ya darasa la nne ya shule hiyo hiyo. Shule inayoonekana dhaifu darasa la nne halafu inang'ara ghafla darasa la saba, mara nyingi nguvu zote imezipeleka kwa darasa la mtihani, na madarasa ya chini yameachiwa mwalimu mmoja anayehangaika. Mdogo wako anaingia darasa la pili, na yeye ndiye atakayeumia hapo. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, nami naona walifanya vyema.

Baada ya hapo acha mtandao, nenda shuleni. Siyo siku ya kikao cha wazazi. Nenda siku ya kawaida katikati ya wiki, saa mbili na nusu asubuhi, usimame kidogo uwanjani kabla hujaingia ofisini. Je, madarasani kuna sauti ya mwalimu au ya kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele? Ukishajitambulisha kwa mwalimu mkuu, omba kuona madaftari ya Hisabati ya darasa la pili, matatu au manne, ya watoto tofauti. Tazama tarehe za kazi. Tazama makosa. Mtoto ameandika 52 − 17 = 45, kosa la kawaida kabisa, ametoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Mwalimu ameweka alama ya kosa akaishia hapo, au amemwita mtoto akarudia chini yake mpaka akapata 35? Ukikuta masahihisho kwenye daftari la mtoto ambaye siyo hodari, hapo peleka mwanao. Mwalimu mkuu anayejiamini hatakunyima kuyaona.

BabaMuriet

Shikamoo Mwalimu, umesema vizuri. Dada, mimi naishi Muriet na watoto wangu wanasoma huku, nikueleze ukweli wa huku.

Muriet imejaa watu haraka kuliko shule. Miaka ya nyuma darasa la mwanangu lilikuwa na watoto zaidi ya mia, dawati moja wanakaa wanne, mwenye mkono wa kushoto anamgonga mwenzake kila akiandika. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto walimiminika, jambo jema kabisa, lakini vyumba havikukimbia kwa kasi hiyo. Siku hizi afadhali, maana mradi wa BOOST, ule wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, umeleta shule mpya sehemu nyingi nchini, za mkondo mmoja (chumba kimoja kwa kila darasa) na za mikondo miwili. Ukisikia shule mpya usiishie kufurahia rangi. Uliza walimu wangapi wamepangiwa, na darasa la tano lina watoto wangapi. Shule mpya inaweza kuwa na vyumba safi kabisa na walimu wachache. Pia inaweza kuwa nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu watoto bado hawajajaa.

Jambo kubwa zaidi kwetu ni makorongo. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji korongoni hapa Arusha, watoto wakafariki. Mji mzima ulilia. Tangu hapo, mimi mtu akiniuliza shule namwuliza kwanza, nyumba yako iko upande gani wa korongo? Shule ikiwa upande wa pili na hakuna daraja la maana, masika mtoto atakaa nyumbani, au atavuka ukiwa kazini hujui. Njoo utembee hiyo njia kwa miguu, kutoka mlango wa nyumba hadi geti la shule, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Usipite na gari la dalali.

Shangazi wa Usa

Mama, njoo Usa River. Huku watoto bado wana pa kukimbilia. Shule anayosoma mjukuu wangu ina miti, ina uwanja wa mpira, na wazazi tulikubaliana kwenye mkutano kuchangia mahindi na maharage, watoto wanakula mchana shuleni. Mchango wa chakula ni makubaliano ya wazazi, kwa hiyo unatofautiana shule hadi shule. Kwangu mimi hicho ni kipimo. Mtoto wa darasa la tano anayekaa hadi saa tisa bila kula, hata afundishwe na profesa hasikii kitu. Uliza: wanakula? Anayesimamia stoo ni nani? Mzazi aliyeshindwa kuchangia, mtoto wake anakula au anasimama pembeni akiangalia wenzake? Jibu la swali hilo la mwisho litakuonyesha kamati ya shule ni watu wa aina gani.

Ila nisikufiche kuhusu maji. Ukanda huu wa Meru, hasa kuelekea Maji ya Chai na Ngurdoto, baadhi ya vyanzo vina madini ya floraidi kwa wingi. Ndiyo maana unaona watu wazima wenye meno ya kahawia, wengine mifupa imepinda. Meno ya kudumu ya mtoto yanaharibika wakati bado yanajengeka ndani ya fizi, yaani umri wa huyo mdogo na hata chini yake. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kwa hiyo uliza shule inatumia maji ya chanzo gani, ya bomba la mamlaka, ya kisima au ya mvua, na umzoeshe mtoto kwenda na chupa yake.

Jingine ni barabara kuu ya Moshi. Pikipiki, mabasi, malori ya mizigo, yote yanapita hapo. Chagua nyumba na shule zilizo upande mmoja wa lami.

Kijana wa Kijenge

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Kwa nini shule iwe karibu na nyumba? Baba anakwenda mjini kila siku. Shule kongwe za serikali ziko mjini kati, Meru, Naura, Kaloleni na nyinginezo, zimezoeleka na mzazi mwenye shida anajua pa kwenda kuuliza. Watoto wapande na baba yao asubuhi, jioni warudi na Hiace. Majirani zangu wengi wanafanya hivyo. Ukiifuata shule ya mtaani kwa sababu ya ukaribu tu, unaweza kumnyima mtoto nafasi nzuri.

BabaMuriet

Kaka, asubuhi sina shida nayo, yuko na baba. Jioni je? Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na makonda wengi wanaona kila mwanafunzi anawapunguzia abiria wa nauli kamili. Pita kituoni saa kumi jioni uone watoto wa sare wanavyosukumwa, gari la tatu, la nne, jua linazama. Wa darasa la tano anaweza kupigania nafasi. Wa darasa la pili hapana. Ukimweka kwa bodaboda, watatu kwenye pikipiki moja bila kofia, hapo umebadilisha tatizo moja kwa kubwa zaidi.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wa Kijenge ana hoja kwa mtoto mkubwa, kama kuna mtu mzima wa kurudi naye. Kwa mdogo namuunga mkono Baba Muriet. Nimewaona darasani hao wanaoamshwa saa kumi na moja alfajiri ili wawahi gari. Kipindi cha tatu wamelala juu ya dawati, na mwalimu mwenye huruma anawaacha walale.

Mama Anjela

Naomba kuuliza kwa niaba yake, vipi shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza? Hapa kuna Arusha School, ni ya serikali.

Mwalimu Mstaafu

Ni kweli, ni ya serikali na inafundisha kwa Kiingereza, na ni ya zamani, tangu enzi za mkoloni. Ila shule za aina hiyo mzazi analipa ada, na nafasi zinagombewa. Kwa mdogo inawezekana kufikiria. Kwa mkubwa nasita. Alikuwa darasa la tatu mwaka 2024, kwa hiyo yumo kwenye kundi la kwanza la mtaala mpya litakalomaliza msingi darasa la sita, mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Amebakiza miaka miwili tu. Kumhamisha mji, marafiki na lugha ya kufundishiwa kwa mpigo mmoja ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka kumi. Abaki kwenye Kiswahili, umtafutie muda wa kusoma vitabu vya Kiingereza nyumbani, maana sekondari atakikuta.

Moshono Juu

Moshono sijaona mtu akiisemea. Kwa baba anayefanya kazi mjini ni karibu kuliko Usa River, ambako ni kilomita 20 na zaidi. Mabonde tunayo, na barabara ya mchepuko imekatiza upande huu, magari yanakwenda kasi, kwa hiyo lile la kutembea njia kwa miguu linahusu huku pia.

Binti yangu yuko darasa la sita. Kilichonifanya nimwache pale ni vyoo. Najua mtu anaweza kushangaa. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu haijafika hapo, lakini vyoo vya wasichana vina milango inayofungwa kwa ndani, maji yapo kwenye ndoo kila asubuhi, na kuna chumba cha kujistiri ambacho mwalimu wa kike anashika ufunguo wake. Shule tuliyotoka, wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wanakosa siku kadhaa kila mwezi na hakuna aliyeuliza. MamaWawili, kama mkubwa wako ni wa kike, nenda mwenyewe ukaangalie nyuma ya madarasa. Baba hataonyeshwa.

MamaWawili

Mungu awabariki. Mkubwa ni wa kike, na vyoo sikuwa nimevifikiria kabisa. Usa River naiondoa, siyo kwa ubaya wake Shangazi, ni umbali wa baba yao. Zimebaki Moshono na Muriet. Watoto wakifunga tutakuwa tumechelewa kuona madarasa yakiendelea, kwa hiyo nitakuja mapema Novemba nitembelee shule mbili kila upande, nyumba nitalipia baada ya hapo. Mwalimu, uhamisho unaendaje? Nisije nikafika Januari mtoto akakosa nafasi.

Mwalimu Mstaafu

Anza na shule ya kupokea. Ukiridhika nayo, mwombe mwalimu mkuu akuthibitishie kwamba nafasi ipo, darasa la pili na darasa la tano. Kisha rudi kwa mwalimu mkuu wa huko Dodoma uombe uhamisho. Kila mtoto ana namba ya PReM, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na uhamisho unapitishwa kwenye mfumo huo. Namba zote mbili ziandike mahali salama. Kwa kuwa mnatoka mkoa mmoja kwenda mwingine, ofisi za elimu za halmashauri zote mbili zitahusika, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho ya muhula. Kumbuka pia kwamba Muriet na Moshono ziko Jiji la Arusha, lakini ukisogea kidogo nje unaingia Halmashauri ya Wilaya ya Arusha au ya Meru, na hapo ofisi ni nyingine. Hakikisha shule iko halmashauri gani kabla barua haijaandikwa.

Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa na ripoti za muhula. Mkubwa amalize upimaji wake hapo alipo, kama ulivyopanga, maana akishasajiliwa kwa mtihani kumhamisha ni vigumu. Na mdogo, mwombe mwalimu wake wa sasa aandike kwa mkono, hata nusu ukurasa, amefikia wapi kusoma na kuhesabu na anapokwama ni wapi. Mwalimu mpya atamshukuru.

Moshono Juu

Ukija Novemba niandikie faragha, nitakutembeza njia ya shule yetu. Vaa viatu vya kufunga, mvua za vuli zitakuwa zimeanza.