Tupeane uzoefu: herufi zinazogoma kwenye kompyuta, kuanzia ng' mpaka ɛ na ɔ

Mchapaji Sanawari
Wakuu, habari za jioni. Nachapa vitabu na matangazo hapa Arusha, na kazi zinazonitoa jasho ni za Kimaa, lugha ya Wamaasai. Lugha hii ina irabu tisa, kwa hiyo a, e, i, o, u hazitoshi. Wanaoiandika kwa makini wanatumia pia ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, kuna ŋ, halafu juu ya irabu zinakaa alama za toni. Toni hizo si mapambo. Ndizo zinazokuonyesha nani katenda na nani katendwa.

Kibodi za madukani hazina herufi hizo, nikaunda mpangilio wangu kwa Microsoft Keyboard Layout Creator, ambayo ni ya bure. AltGr (ile Alt ya kulia) na e itoe ɛ, AltGr na o itoe ɔ, hivyo hivyo. Kwenye Notepad kila kitu safi. Nikihamia programu ninayoandikia vitabu, nabonyeza AltGr na e, inatoka alama ya yuro! Kumbe Windows inaihesabu AltGr kama Ctrl na Alt zimebonyezwa pamoja, na programu ile ina njia yake ya mkato ya Ctrl+Alt+E iliyowekewa €. Ilibidi niingie kwenye orodha ya njia za mkato, niifute ile, ndipo ɛ ikatoka. Kwa o ilikuwa hadithi hiyo hiyo, ukurasa unabadilika mwonekano badala ya herufi kutokea.

Leteni ya kwenu. Mlikwama wapi, na mlitokaje?

Mkalimani Njiro
Mkuu, mimi nakwamishwa na Kiswahili chenyewe. Nafasiri nyaraka za Kifaransa, kwa hiyo naweka mpangilio wa US-International ili nipate é na ç haraka. Kwenye mpangilio huo alama ya ' haitoki hapo hapo, inasubiri herufi inayofuata ili ikae juu yake. Andika ng'ombe uone: inatoka ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo. Ukipitiwa, mteja anapokea barua imejaa vitu hivyo.

Dawa ni kubonyeza nafasi mara moja baada ya ', ndipo uendelee. Mimi nimeweka mipangilio miwili, nahama kwa kitufe cha Windows na nafasi. Jicho liwe kwenye kona ya chini kulia, maana programu nyingine ukizifungua zinarudi kwenye mpangilio wa zamani bila kukuambia.

Mwana wa Karatu
Niko Moshi kikazi, nyumbani tunaongea Kiiraqw. Sisi tuna mkwaju (/) unaoandikwa kama herufi kamili, ni sauti ya kooni, na maneno mengi yanaanza nao. Nilikuwa naandaa orodha ya maneno kwenye programu ya majedwali. Ukibonyeza / kwenye kisanduku kitupu, badala ya kuandika inawasha menyu za juu, na herufi zinazofuata zinageuka amri. Bonyeza F2 kwanza, kisha andika, itakubali. Ila jina la faili usijisumbue: Windows hairuhusu mkwaju humo kabisa.

Dada Steshenari, Moshi
Wangu mgogoro ni wa mafaili ya zamani. Wazee wanakuja na flashi yenye kijitabu cha nyimbo au historia ya ukoo, kimechapwa enzi zile fonti zilipokuwa zinachorwa kienyeji. Aliyeunda fonti alichukua nafasi ya ñ akachora ŋ, nafasi ya alama nyingine akachora irabu yenye toni. Kwenye kompyuta yake kinasomeka vizuri. Kwangu fonti ile haipo, basi ukurasa mzima unakuwa ñ na alama za ajabu, na mzee amesimama kaunta anatazama kazi yake kwa mshtuko. Inauma kweli.

Ninachofanya: naomba nakala yoyote iliyochapwa kwenye karatasi, natoa kopi ya faili, halafu nabadilisha alama moja moja kwa "tafuta na badilisha" huku nikilinganisha na karatasi. Kisha naweka fonti ya Charis SIL au Gentium, zote za bure na zina herufi hizi. Bila karatasi sigusi, kwa sababu hakuna namna ya kujua ñ ipi ilikuwa ŋ.

Mchapaji Sanawari
Shukrani dada. Swali kwa mafundi: ɛ yenye alama ya toni juu naitoaje? Nimejaribu kuiwekea kitufe cha kusubiri kama cha Mkalimani, imekataa.

Fundi Pasua
Itakataa tu. É ina namba yake moja kwenye Unicode (orodha ya kimataifa ya namba za herufi), lakini ɛ́ haina, ni herufi mbili zilizopandana: ɛ, kisha alama ya toni yenye namba 0301. Kitufe cha kusubiri kwenye programu uliyotumia kinatoa namba moja tu. Geuza utaratibu: andika ɛ kwanza, kisha kitufe kingine kitoe 0301 peke yake. Keyman, programu nyingine ya kuundia mipangilio ya kibodi, nayo ni ya bure na haina kikwazo hicho.

Kwa dharura kwenye LibreOffice Writer, andika 025B kisha Alt+X, inageuka ɛ. 0254 ni ɔ, 0268 ni ɨ, 0289 ni ʉ, 014B ni ŋ.

Mhasibu Kijenge
Nyongeza kwa wanaotuma SMS za vikundi: ukinakili ujumbe wenye ng’ iliyopinda, ile alama ’ inashusha kikomo cha SMS moja kutoka herufi 160 hadi 70, na bili inapanda. Rudisha ' iliyonyooka kabla ya kutuma.

Mchapaji Sanawari
Fundi, 0301 imekubali, ɛ́ imekaa vizuri. Imebaki programu ya kupangia mabango, ɨ inatokea kisanduku kitupu hata nikiweka Charis. Aliyewahi kulivuka hilo aniandikie.