Tupeane uzoefu: sheria za chanjo za jimbo lako zimekugusaje?

Wakuu salaam, hasa mlioko Marekani. Shule zikikaribia kufunguliwa simu hazikauki: "Eti chanjo ni lazima? Naweza kukataa?" Inategemea unakaa wapi. Serikali kuu haina sheria ya chanjo za shule; kila bunge la jimbo linatunga yake. California walifuta msamaha wa kutochanja kwa sababu ya imani binafsi mwaka 2015, baada ya surua iliyoanzia Disneyland. New York wakafuta wa kidini Juni 2019. Idaho nao mwaka 2025 wamepita njia nyingine kabisa: shule na biashara zimekatazwa kumdai mtu chanjo.

Naanza na yangu. Niko Columbus, Ohio. Nilikuja na wanangu na kadi zao za kliniki za Dar, zimejaa mihuri, nikajua hapa sina kesi. Nesi wa shule akaipitia kadi ya mdogo akitumia kalamu, mstari kwa mstari. Surua-rubela ya miezi tisa akaikata: huku dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiki. Matumbwitumbwi hakuna, tetekuwanga hakuna, kwa sababu kwenye ratiba yetu hazimo. Kisha tarehe: 05/09 akaisoma Mei 9, wakati ni Septemba 5. Mtoto aliyemaliza chanjo zote nyumbani akaandikwa hajakamilika, na Ohio inatoa siku 14 tu za kukaa darasani bila ushahidi.

Kuna mzazi mwenzangu akaninong'oneza: andika barua tu, sema dhamiri yako hairuhusu, wanakubali. Ni kweli, sheria ya Ohio inaruhusu. Lakini dhamiri yangu haikuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa kadi! Nikaomba zitafsiriwe, zilizopungua akachomwa. Mwishoni mwa 2022 surua ikaingia mji huu huu, wagonjwa 85, wengi watoto ambao hawakuwa na hata dozi moja. Haya, leteni zenu.

Shosh_wa_Houston: Mimi yangu ni ya kazi. Nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Texas. Mwaka 2021 gavana Abbott anasema hakuna kulazimisha mtu chanjo ya korona, serikali kuu nayo inasema mfanyakazi wa afya lazima. Sasa wewe unasikiza nani? Januari 2022 Mahakama ya Juu ikaamua: amri ya chanjo kwa kampuni kubwa ikasimamishwa, yetu ya wahudumu wa afya ikaachwa. Wenzangu wakaanza kutafuta barua za pasta. Watu ambao sijawahi kuwaona kanisani wakawa na imani kali ghafla. Mimi nilidungwa nikarudi zamu, kodi ya nyumba haingoji. Amri yenyewe ikaondolewa 2023, na mwaka huo huo Texas wakapitisha sheria: mwajiri binafsi akikulazimisha chanjo ya korona, faini dola 50,000. Aliyefutwa mapema hakuitiwa kazi.

Mkalimani_Minneapolis: Assalaam alaykum. Natafsiri kliniki kwa Wabarawa na Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Huku Minnesota mzazi akikataa, anaandika karatasi, inagongwa muhuri wa mthibitishaji, basi. Mwaka 2017 tulipata surua, watu 75, wengi watoto wa Kisomali. Chanzo ni hofu kwamba chanjo inaleta usonji. Yule Wakefield, daktari wa Uingereza aliyehusisha chanjo ya surua na usonji, ambaye utafiti wake wa 1998 jarida liliufuta 2010, alikuja mpaka hapa mjini kuzungumza na wazazi.

Ila msiwaite wajinga. Mama akiingia chumbani hasemi "sitaki chanjo". Husema: "Mwambie daktari tungoje mtoto aanze kusema." Ana mpwa aliyenyamaza akiwa na miaka miwili, na hakuna aliyempa sababu. Daktari anayekimbilia kumwonyesha takwimu humpoteza papo hapo. Nimemwona mmoja aliyeweka kalamu chini akauliza, "Huyo mpwa anaendeleaje?" Mama alizungumza mpaka muda ukapita. Safari iliyofuata alimleta mtoto akadungwa.

Baba_Furaha: Ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu, niko Lewiston, Maine. Sitaungana nanyi. Watoto wangu wote wamechanjwa, lakini kuniambia hakuna shule bila sindano si sawa. Tulikimbia nchi ambako mwenye bunduki ndiye anaamua. Maine walifuta msamaha wa dini na falsafa 2019, sheria hiyo ikapigiwa kura na wananchi Machi 2020, upande wa kuifuta sheria ukaanguka vibaya. Jirani yangu anafundisha wanawe nyumbani sababu ya hiyo.

Mleta mada: Baba Furaha, nakuelewa, ila hapo kuna kura, hakuna bunduki. Na jambo hili ni la zamani: mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Jacobson, mchungaji wa Cambridge, Massachusetts, aliyekataa chanjo ya ndui. Alitozwa dola 5. Hakuna aliyemshika mkono akamchoma.

Baba_Furaha: Dola 5 sawa. Mimi ningezilipa. Leo unalipa kwa shule ya mtoto.

Kijana_wa_Tanga: Wakuu, na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, je? Jimbo langu linaruhusu mtu kukataa chanjo.

Shosh_wa_Houston: Hiyo ni ya serikali kuu, jimbo halikusaidii. Daktari aliyeidhinishwa anajaza fomu I-693 ya uchunguzi wa afya na chanjo zimo. Beba kila kadi uliyo nayo, hata iliyochanika. Na kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani usiogope: kifua kikuu siku hizi wanapima kwa damu, na kipimo hicho hakichanganywi na chanjo hiyo.

Mleta mada: Aliyeko West Virginia yupo? Tangu Januari 2025 gavana anataka msamaha wa kidini, bodi ya elimu inasema sheria iliyopo hairuhusu. Mzazi anapeleka karatasi wapi sasa?