Jiko la watu 14 katika jangwa la Nevada: nichukue vyombo gani na maji kiasi gani?

Mpishi wa Jang'ombe

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimezoea kupika kwenye shughuli za harusi hapa Unguja, lakini mwaka huu jamaa zangu wanaoishi Marekani wamenialika niwapikie watu 14 kwa siku nane kwenye tamasha la Burning Man, ambalo hufanyika mwishoni mwa Agosti katika jangwa la Black Rock, Nevada. Nimeelezwa kwamba huko hakuna duka wala mkahawa, na kwamba mgeni hupata kununua barafu tu. Naomba ushauri kuhusu vyombo, na kama pilau la sufuria moja litafaa.

Mtu wa Chake

Waalaykum salaam, kaka. Nilikuwepo huko mwaka 2023, na nakuomba upange maji kabla ya kufikiria pilau. Waandaaji hushauri galoni moja na nusu kwa kila mtu kwa siku, yaani karibu lita sita, za kunywa, kupikia na kuoshea. Kwa idadi yenu hizo ni lita 672, ambazo ni madumu 34 ya lita 20, na yote mtayabeba kwa gari. Jambo linalowashangaza wapishi wetu ni kwamba maji machafu hayaruhusiwi kumwagwa chini, hata yale ya kukoshea mchele, bali hutiwa kwenye madumu na kurudi nayo. Kwa hiyo ule mtindo wetu wa kukosha mchele mara nne utaulipia mara mbili, kwenda na kurudi.

Maharage yaache. Mahali pale pana mwinuko wa karibu mita 1,200, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, na gesi itakwisha maharage yakiwa bado magumu. Adesi na choroko huiva upesi zaidi. Tena mwaka huo mvua ilinyesha, vumbi likawa tope la kunata, magari yakazuiwa kutembea kwa siku kadhaa, na sisi tukamalizia kwa tende na biskuti. Ongeza chakula cha siku tatu kisichohitaji moto.

Mzee wa dago

Mwanangu, mimi jangwa silijui, ila nimepika dago, yaani kambi ya wavuvi, miaka mingi kwenye visiwa visivyo na kisima, na huko mtu hujifunza ubakhili wa maji. Pilau usiliache, chombo kimoja kikilisha watu 14 kuna ubaya gani? Lakini pika kwa kiasi cha kwisha, kwa sababu kiporo katika joto lile ni hatari. Sufuria ifute kwa karatasi kabla ya kuiosha, na kila mtu awe na bakuli lake na kijiko chake, akisafishe mwenyewe. Sisi tulikuwa na bahari ya kusugulia masufuria, wewe hutakuwa nayo.

Mtu wa Chake

Mzee amesema kweli. Kuhusu moto, seredani, lile jiko la makaa, iache nyumbani, kwani moto hauruhusiwi kugusa ardhi na majivu nayo ni mzigo wa kurudi nao. Majiko mawili ya gesi yanatosha. Mitungi nunueni Reno, mji wa huko huko Nevada, kwa kuwa haipandi ndege. Majiko yawekeni juu ya meza imara, yakingeni upepo, na msipike ndani ya hema hata vumbi likizidi. Vyakula vyote vikae kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana. Chukua na siki, si ya achari tu: vumbi lile ni la magadi na hupasua ngozi, hivyo watu huosha miguu kwa maji yaliyotiwa siki kidogo.

Mpishi wa Jang'ombe

Nawashukuru sana. Nazi nitabadilisha kwa tui la kopo, mbuzi atabaki Jang'ombe. Swali moja tu: barafu ile inafaa kunywewa ikishayeyuka?

Mtu wa Chake

Ikiwa imebaki ndani ya mfuko wake, ndiyo. Ikishachanganyika na nyama ndani ya sanduku la baridi, ihesabu kuwa ni maji machafu.